Kulea ni jambo moja, kuasili ni jingine

Mgeni atokaye Ulaya au Marekani kuja Karagwe kwa nia ya kuasili mtoto anazo safari mbili mbele yake. Ya kwanza ni ya ndege na basi, nayo huisha kwa siku mbili au tatu. Atashuka Entebbe, Kigali au Mwanza, na mwishowe atateremka Omurushaka, penye njia panda ambapo barabara moja yaelekea Kayanga na nyingine yashika njia ya Nkwenda na Kyerwa. Safari ya pili ni ya sheria. Hiyo yadai miaka mitatu kabla hata haijaanza.

Tunasema miaka mitatu kwa kuwa ndivyo inavyotaka Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya sheria ya kuasili tuliyoirithi kutoka enzi za Waingereza. Asiye raia anayetaka kuasili mtoto wa Kitanzania sharti awe ameishi nchini mfululizo kwa muda usiopungua miaka mitatu. Awe amemlea mtoto huyo kwa miezi isiyopungua mitatu chini ya uangalizi wa Ofisa Ustawi wa Jamii. Asiwe na rekodi ya makosa ya jinai kwao wala kwingineko. Alete ushuhuda wa mamlaka za nchi yake kwamba anafaa kuwa mzazi. Tena airidhishe mahakama kwamba nchi yake itaitambua amri itakayotolewa hapa. Maombi ya namna hiyo huamuliwa na Mahakama Kuu, ambayo kwa sisi wa Kagera masjala yake iko Bukoba.

Wako wanaolalamika kwamba masharti hayo ni makali kupita kiasi. Husemwa kuwa mtu mwenye kazi na nyumba yake Hamburg au Ohio hawezi kuacha vyote akakae Kayanga miaka mitatu ili apate mtoto mmoja, na kwamba wakati sheria inahesabu miaka, yatima anahesabu siku ndani ya kituo. Malalamiko hayo hutolewa na watu wenye moyo mwema, wala hatuwabezi. Ni kweli kwamba kwa vitendo sheria hii humfungia mlango mtu anayekuja kwa ajili ya mtoto na kuondoka, ikamwachia mlango wazi mganga, mwalimu au mtumishi wa kanisa ambaye amekwisha kuishi nasi, tukamjua na yeye akatujua. Kwa mtazamo wetu ni haki iwe hivyo, na tunaomba ruhusa ya kueleza kwa nini.

Tuanze na neno lenyewe. "Kuasili" ni neno la mahakamani na la vitabu vya sheria. Ukilitamka sokoni Omurushaka huenda wengi wakakuuliza maana yake. Neno linalojulikana na kila mtu ni "kulea". Katika nchi yetu hii mtoto hulelewa na watu wengi. Aliyefiwa na baba hupelekwa kwa baba mdogo; ambaye mama yake hajiwezi huchukuliwa na shangazi aliyeolewa Mwanza; mwingine hukaa kwa mwalimu ili awe karibu na shule. Kokote aendako jina lake ni lile lile na ukoo wake ni ule ule. Kibanja cha baba yake kinamngoja. Kukiwa na msiba atarudi, na akioa au akiolewa wataitwa waliomzaa pamoja na waliomlea.

Amri ya kuasili haifanani na hayo hata kidogo. Mahakama ikishaitoa, haki na wajibu wa mzazi juu ya mtoto hukoma, vyote vikahamia kwa mzazi mpya, kana kwamba mtoto huyo alizaliwa katika nyumba hiyo mpya. Jina laweza kubadilishwa. Akivuka bahari, uraia nao hubadilika, na lugha humpotea katika muda usiozidi mwaka mmoja au miwili, kama kila mwenye watoto wadogo ajuavyo. Sasa mweke mtu wa Ulaya ambaye akilini mwake lipo jambo hili la pili, akutane na mama wa kijijini ambaye akilini mwake lipo lile la kwanza, na katikati yao asimame mkalimani anayelipwa na mmoja wao. Kila mmoja atatia saini kwa moyo mweupe, na kila mmoja atakuwa ametia saini jambo tofauti.

Haya si mambo ya kubuni. Mwaka 2006 mwimbaji Madonna alipomchukua mtoto wa kiume kutoka kituo kimoja cha Malawi, baba mzazi, ambaye alikuwa hai na alimpeleka mwanawe kituoni baada ya kufiwa na mke, aliripotiwa kuwaambia waandishi wa habari kwamba yeye alielewa kuwa mwanawe atalelewa na kusomeshwa. Hakuelewa kwamba ametwaliwa moja kwa moja. Baadaye alisema hapingi. Pengine alisema kwa hiari yake kabisa. Lakini mtu aliyeelezwa maana ya hati baada ya ndege kuruka hana tena cha kupinga. Mwaka 2009 mwimbaji huyo aliporudi kutaka mtoto wa pili, jaji mmoja alikataa kwa sababu sheria ya Malawi ilimtaka mwombaji awe mkazi wa nchi. Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo miezi michache baadaye. Tangu hapo, kila asikiapo mtu kwamba sharti la ukazi laweza kupinda mbele ya mwenye uwezo, ana mfano wa kuutaja.

Hata hivyo mfano unaotuhusu zaidi hauko Malawi. Uko ng'ambo ya mto wetu wenyewe. Msomaji wa Kyerwa akisimama Murongo huiona Uganda kwa macho, maana ni Mto Kagera tu unaomtenga na Kikagati. Sheria ya watoto ya Uganda, kabla ya kurekebishwa mwaka 2016, ilikuwa na sharti lile lile tulilo nalo sisi. Mgeni alitakiwa awe ameishi nchini miaka mitatu, na zaidi ya hapo awe amemlea mtoto kwa miezi 36. Katika kulea walikuwa wakali kutuzidi sisi. Lakini katika miaka hiyo hiyo mamia ya watoto wa Uganda walisafirishwa kwenda Marekani kuasiliwa na watu ambao hawakupata kuishi Uganda, wengine wakikaa humo kwa majuma machache tu.

Iliwezekanaje? Ukuta wa mbele ulikuwa mrefu, ila mlango wa uani uliachwa wazi. Mawakili waligundua kwamba mgeni asiyeweza kuomba kuasili aliweza kuiomba Mahakama Kuu imfanye mlezi wa kisheria. Hati ya ulezi haikudai miaka mitatu wala miezi 36. Jaji akiitoa, mtoto alipewa pasi na viza, akaondoka nchini kama mtoto anayekwenda na mlezi wake, na kuasili kwenyewe kukakamilishwa mbele ya hakimu wa Marekani ambaye mama mzazi hawezi kamwe kufika mbele yake. Kwa karatasi hakuna sheria iliyovunjwa. Kwa vitendo sheria nzima ilikuwa imezungukwa.

Yaliyofanyika nyuma ya karatasi hizo yalijulikana kidogo kidogo. Tarehe 17 Agosti 2020 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda, wakili mmoja na mumewe, kwa kuhusika na mpango wa kuasilisha watoto kwa rushwa. Maelezo ya wizara hiyo yanafaa kusomwa na kila mzazi wa Karagwe. Watu walitumwa katika vijiji vya mbali kutafuta familia zenye dhiki, wakawaahidi wazazi kwamba watoto wao wangepelekwa Kampala kusoma. Watoto wakawekwa katika vituo vya yatima hali si yatima. Kampuni ya Ohio iliyokuwa ikiwaunganisha wateja na watoto hao, European Adoption Consultants, ilikuwa imekwisha kufungiwa na Serikali ya Marekani mwezi Desemba 2016, na mwaka 2021 mmoja wa waliokuwa watumishi wake alikiri makosa mahakamani.

Familia moja ya Marekani iliyochukua binti mdogo kutoka Uganda mwaka 2015 ilifanya jambo ambalo wachache wamelifanya. Mtoto alipokwisha kujua Kiingereza cha kutosha, alianza kusimulia habari za mama yake, na habari hizo hazikufanana hata kidogo na zile zilizoandikwa katika jalada. Wakafuatilia, wakamkuta mama yu hai na hakuwa amekusudia kumtoa mwanawe. Mwaka 2016 mtoto akarudishwa kwao. Tunajiuliza ni watoto wangapi waliojifunza Kiingereza wakakosa wa kuwasikiliza.

Kiini cha mambo hayo ni fedha, nasi hatuoni sababu ya kulisema hili kwa kuzungukazunguka. Anayesafiri kuasili mtoto nchi za nje hulipa makumi ya maelfu ya dola kwa wakala, mawakili, vituo na nauli. Palipo na mnunuzi wa kahawa mwenye bei hiyo, hata kahawa mbichi itachumwa. Karagwe tunaijua habari hiyo vizuri. Vivyo hivyo palipo na fedha hizo zikimngoja yatima, yatima atapatikana, na asipokuwapo atatengenezwa.

Ndiyo maana nchi nyingi zimefunga au kubana milango yake. Rwanda ilisimamisha uasilishaji wa nje mwaka 2010. Kongo ilizuia vibali vya kuwatoa watoto nchini mwezi Septemba 2013. Kenya ilisimamisha mwezi Novemba 2014. Ethiopia, ambayo mwaka 2010 peke yake ilitoa zaidi ya watoto 2,500 kwa Wamarekani, ilipiga marufuku moja kwa moja mwezi Januari 2018. China ilifunga mwaka 2024, na mwaka huo huo Uholanzi ikaamua kuachana na jambo hili hatua kwa hatua kwa upande wa wapokeaji. Korea ya Kusini, iliyopeleka nje zaidi ya watoto 140,000 kati ya mwaka 1955 na 1999, ilisikia mwezi Machi 2025 tume yake yenyewe ikisema kwamba kumbukumbu za watoto zilighushiwa, wenye wazazi wakaandikwa yatima. Marekani ilipokea karibu watoto 23,000 mwaka 2004. Mwaka 2023 haikufikisha 1,300. Hesabu hiyo yatupa hofu. Wateja wangali wapo na milango imepungua, hivyo wenye kutafuta watoto watajaribu kila mlango uliobaki, na mpaka wetu una njia nyingi.

Pengine msomaji atauliza kama Kagera, yenye yatima wengi hivi, ina haki ya kuwa na kiburi. Swali hilo lastahili jibu la kweli. Mkoa wetu ndio uliotambuliwa kuwa na wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata, mpaka dawa za kupunguza makali zilipoanza kutolewa na Serikali mwishoni mwa mwaka 2004, nyumba nyingi zilibaki na bibi na wajukuu. Watoto wale hawakuchukuliwa na ndege. Walilelewa na bibi zao, shangazi zao na kaka zao wakubwa, na wengi wao leo ndio walimu, wafanyabiashara na madereva wa mabasi yanayopita Omurushaka.

Lakini tusijisifu kupita kiasi. Uchunguzi wa kaya za Kagera, ulioanza mwaka 1991 katika kaya zaidi ya 900, ulirudiwa mwaka 2004 kwa kuwatafuta watu wale wale. Ilionekana kwamba mtoto aliyefiwa na mama alipungukiwa, alipofikia utu uzima, na kama sentimita 2 za kimo na mwaka mmoja wa shule. Sentimita hizo 2 ni maziwa na maharage ambayo hayakuwapo. Bibi alimpenda mjukuu, hakuwa na cha kumpa. Kwa hiyo anayesema kwamba ukoo unatosha peke yake anasema nusu ya ukweli, na tungeona ajabu kama Serikali ingejificha nyuma ya nusu hiyo. Gharama ya kumchukua mtoto mmoja hadi Ohio ingelisha na kusomesha nyumba nzima ya bibi mpaka wajukuu wote wamalize shule. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF ni mwanzo mzuri. Bibi mwenye wajukuu watano asihesabiwe humo kama mzee anayejikimu peke yake.

Wilaya hii ina kumbukumbu nyingine inayofaa hapa. Mwaka 1994 Wanyarwanda walipokimbilia Ngara na Karagwe, ndani ya makambi walikuwamo watoto wengi wasiokuwa na mtu. Wahisani walikuja wakitaka kuwachukua. Msimamo wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi ulikuwa kwamba mtoto wa vitani asiasiliwe kabla jamaa zake hawajatafutwa kwa muda ambao kwa kawaida haupungui miaka miwili. Msalaba Mwekundu na wenzao waliandikisha watoto zaidi ya 100,000 katika nchi za ukanda huu, na makumi ya maelfu wakarudishwa kwa jamaa zao. Angalia tofauti. Kundi la watoto wa Rwanda lililopelekwa Italia katika mwaka ule ule liliasiliwa huko, ingawa baadhi yao walikuwa na ndugu hai na Serikali ya Rwanda iliomba warejeshwe. Wale walioachwa wangoje chini ya turubai walipata kwao. Wale walioharakishwa kwenda penye raha hawakupata.

Hatusemi kwamba hakuna mtoto asiye na mtu. Wapo wanaookotwa wakiwa wachanga, hajulikani mama wala ukoo. Wapo wenye ulemavu ambao jamaa wamewakimbia, na hiyo ni aibu yetu. Kumwacha mtoto wa namna hiyo akue kituoni mpaka ndevu zimwote ni ukatili uliovaa joho la uzalendo. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 wasema kuasili nje ya nchi ni njia ya mwisho. Haukusema si njia. Kabla ya njia hiyo ya mwisho, hata hivyo, ipo ya kati ambayo tumeisahau, nayo ni Mtanzania mwenyewe kuasili. Sheria yamruhusu raia mwenye umri wa miaka 25 na zaidi, aliyemzidi mtoto kwa miaka isiyopungua 21, wala haimtaki awe tajiri. Wapo wanandoa wasiojaliwa mtoto hapa hapa wilayani ambao hawajapata kuelezwa hivyo na mtu yeyote. Wengine huona haya, wengine hudhani mahakama ni mahali pa wahalifu. Ofisi ya Ustawi wa Jamii ingeweza kutumia siku moja ya mnada kueleza jambo hilo, na isingegharimu zaidi ya kipaza sauti.

Kuna pia ndugu zetu walioko ng'ambo wanaotaka kumchukua mpwa aliyefiwa. Hao tunawaambia tu kwamba amri ya mahakama ya hapa haiwi viza ya kule. Marekani, kwa mfano, ina tafsiri yake ya nani ni yatima, na wengi wamefika ubalozini na mtoto ndipo wakaijua. Waulize kule kwanza.

Kuhusu sharti la miaka mitatu msimamo wetu ni kwamba lisilegezwe. Kuhusu mlango wa uani, twataka vyombo vinavyohusika vifunge mapema walichochelewa kufunga wenzetu wa Uganda, ambao marekebisho yao ya mwaka 2016 yalisema ulezi wa kisheria ni wa raia tu. Hati ya ulezi, barua ya kwenda kusoma, barua ya kwenda kutibiwa, zote zaweza kumvusha mtoto mto akaenda asirudi. Vituo vya kulelea watoto visivyo na leseni vifungwe, na vilivyo nayo vieleze kila mwaka kila mtoto alitoka kwa nani na ndugu gani waliulizwa.

Na kwa kuwa karatasi zote hizo huanzia kijijini, kwa barua ya utambulisho yenye mhuri wa Mtendaji, tunamwomba Mtendaji asiugonge mhuri wake juu ya karatasi yoyote ya kumtoa mtoto kwao mpaka karatasi hiyo imesomwa kwa sauti, kwa Kinyambo, mbele ya mama na wazee wa ukoo, na mama ameulizwa anadhani mtoto atarudi lini. Akitaja mwaka wowote ule, karatasi irudishwe kwa aliyeileta.